Usiiruke Sura ya Tatu

Soma kwa ajili ya somo hili: Ayubu 1–3, 42:7–17, Zaburi 88, Maombolezo 5, Yohana 11:1–44, 1 Wathesalonike 4:13–18.

Miaka miwili iliyopita nilihudhuria maziko katika kijiji kimoja mkoani Mara. Marehemu alikuwa shemasi kijana, dereva wa bodaboda, aliyegongwa na lori jioni ya Ijumaa akiwahi nyumbani kabla jua halijazama. Aliacha mjane na watoto wawili. Ibada ilikwenda kama ibada zetu zinavyokwenda: wasifu wa marehemu, salamu za kanisa, salamu za madereva wenzake, salamu za ukoo, neno la mchungaji. Karibu kila aliyeshika kipaza sauti alimalizia kwa sentensi ileile tunayoijua sote, nayo ilikuwa imechapwa hata kwenye fulana za wenzake: sisi tulimpenda, lakini Mungu amempenda zaidi.

Wakati wa chakula mwanawe wa kiume, mwenye umri wa miaka saba, alikuja akasimama karibu na kiti changu. Nilidhani anataka soda. Akaniuliza, "Babu, na mimi Mungu akinipenda sana nitagongwa?"

Nimehudumu katika kazi ya elimu ya kanisa zaidi ya miaka ishirini na mitano. Nina stashahada ya theolojia, iko ukutani. Siku ile nilimwambia mtoto kwamba tutaongea baadaye, nikaenda kumtafutia soda.

Swali lake lilikuwa na mantiki kuliko hotuba zetu zote. Kama kupendwa zaidi na Mungu ndiko kulikompeleka baba chini ya lori, basi mtoto mwenye akili atatafuta namna ya kutopendwa sana. Hakuna mtu mzima pale aliyekusudia kumfundisha hivyo. Tulitaka kumfariji mama yake. Tulishika neno lililokuwa karibu, kama mtu anavyoshika fimbo yoyote anapomwona nyoka.

Ndugu mwanafunzi wa Shule ya Sabato, hapo kuna maswali mawili ya maadili ambayo kwa kawaida tunayatenganisha. Je, ni halali kumwambia mfiwa jambo lisilo kweli kwa kuwa linafariji? Na je, ni halali kwa mfiwa kumwambia Mungu jambo chungu kwa kuwa ndilo lililomo moyoni mwake? Naamini maswali haya yamefungwa pamoja. Tunatunga faraja zisizo za kweli kwa sababu tunakiogopa kilio cha kweli, tukidhani ni kukosa imani. Hofu hiyo hatukuitoa katika Biblia.

Mchukue Ayubu. Katika maziko yetu Ayubu 1:21 husomwa mara nyingi sana, pale anapokiri kwamba Mungu aliyempa ndiye mwenye haki juu ya vyote, na kulihimidi jina lake. Ni maneno makuu, na yalitoka kwa mtu aliyefiwa na watoto kumi siku hiyohiyo. Siyadharau hata kidogo. Lakini endelea kusoma. Sura ya pili inaishia na rafiki watatu wakiwa wameketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno. (Kwa maoni yangu hiyo ndiyo huduma bora kuliko zote walizotoa katika kitabu kizima.) Kisha sura ya tatu inafunguka, na mtu yuleyule anailaani siku aliyozaliwa. Anataka usiku wa kutungwa mimba yake ufutwe katika hesabu ya miezi. Anauliza kwa nini mtu mwenye uchungu rohoni aendelee kupewa nuru ya kuishi.

Nimejaribu kukumbuka, na sikumbuki ziko hata moja nilikosikia sura ya tatu ikisomwa. Tunasoma ya kwanza, tunarukia ya 42, tunaimba, tunakwenda nyumbani. Mfiwa aliyeko katika sura ya tatu tunamwacha peke yake, naye anadhani ametoka nje ya Biblia, kumbe yumo katikati yake.

Kuanzia sura ya 4, Elifazi, Bildadi na Sofari wanamtetea Mungu. Hotuba zao ni nzuri; baadhi zingepokewa vizuri kabisa kwenye mimbari zetu. Ayubu naye anasema maneno ya kutisha. Fanya zoezi hili na darasa lako: tafuta katika hotuba za rafiki hao mahali hata pamoja ambapo mmoja wao anamgeukia Mungu na kusema naye. Hutapata. Wanasema habari zake tu. Kisha fungua Ayubu 7, au 10, au mwisho wa 13, uone jinsi mgonjwa yule anavyowaacha wanadamu katikati ya mjadala na kumwelekea Mungu moja kwa moja, kwa ukali, kwa machozi, akidai jibu. Mwishoni, katika 42:7, Mungu anawakasirikia watetezi wake mwenyewe, na kusema kwamba hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu alivyonena. Tena anawatuma waende kwa Ayubu ili awaombee.

Mtu atauliza, na ni vema aulize: Je, Mungu hakumkemea Ayubu pia? Alimkemea. Katika 38:2 anamwambia kwamba amesema bila maarifa, na Ayubu anakubali na kutubu katika mavumbi na majivu. Hatuna ruhusa ya kulifuta hilo ili kumpendeza mfiwa. Lakini angalia nini hakikukemewa. Hakuambiwa kwamba ilikuwa dhambi kuja. Na jambo linalonishangaza zaidi: hakuelezwa. Mimi na wewe tumesoma sura ya kwanza na ya pili, tunajua habari za mshitaki aliyesimama mbele za Bwana. Ayubu hakuambiwa, hata kitabu kinapokwisha. Alimpata Mungu, maelezo hakupewa.

Tena tazama hesabu za mwisho. Kondoo walikuwa 7,000 wakawa 14,000. Ngamia walikuwa 3,000 wakawa 6,000. Jozi za ng'ombe na punda wa kike vilevile, kila kimoja mara mbili. Watoto walikuwa kumi, na baadaye akapata kumi, wana saba na binti watatu kama mwanzo. Wako wanaosema kwamba watoto hawakuongezwa mara mbili kwa sababu wale kumi wa kwanza hawakupotea kama ngamia. Wamelala, wanangoja ufufuo. Fungu lenyewe halisemi hivyo waziwazi, lakini napenda kulisoma hivyo. Ninachojua kwa hakika ni kwamba hakuna mama anayepokea mtoto mpya kama fidia ya yule aliyezikwa. Mtu asimwambie mjane kijana kwamba bado ana umri, atapata mwingine.

Sasa soma Zaburi 88. Kichwa chake kinaitaja kuwa ya Hemani Mwezrahi, na jina Hemani tunalikuta katika 1 Wafalme 4:31 miongoni mwa watu waliosifika kwa hekima kiasi cha kulinganishwa na Sulemani. Zaburi nyingi za maombolezo zina mahali pa kugeukia: mwimbaji analia, kisha kabla ya mwisho anaahidi kusifu. Hii haigeuki. Anamwambia Mungu kwamba amemlaza shimoni, amewaondoa rafiki zake, amemficha uso, na katika Kiebrania neno la mwisho kabisa la zaburi hii ni giza. Na wimbo huu ulikabidhiwa kwa mwimbishaji uimbwe katika ibada! Sisi tungeukataa kwenye kamati ya muziki.

Maombolezo nayo haimalizi vizuri. Katikati ya kitabu, 3:22, 23, kuna yale mafungu matamu ya rehema zinazofanywa upya kila asubuhi, ambayo tunayaimba. Lakini kitabu kinapita pale, kinarudi kwenye njaa na aibu, na fungu la mwisho, 5:22, linabaki na wazo la kutisha kwamba huenda Mungu amewakataa kabisa. Wayahudi wanapokisoma kitabu hiki katika ibada ya kukumbuka kubomolewa kwa Hekalu, wana desturi ya kurudia fungu la 21, lile la ombi, baada ya la 22, ili usomaji usiishie kwenye uchungu. Naielewa sana desturi hiyo. Lakini walionakili maandiko hawakulihamisha fungu. Lilibaki mahali pake, na Roho aliyeliongoza Neno aliridhika libaki.

Hapo ndipo ninapojenga hoja yangu juu ya kumtumaini Mungu. Kitabu ambacho hakifichi mwisho mbaya wa wimbo kinaweza kuaminiwa kinapotupa ahadi. Kama Biblia ingekuwa imesafishwa maombolezo yote, ningeishuku inaposema habari za parapanda na makaburi kufunguka.

Huu ni mwaka wa nne tangu mke wangu alale mauti. Nililia kaburini, na mzee mmoja niliyemheshimu alinivuta pembeni akaninong'oneza nisilie mbele ya washiriki, nitawavunja moyo. Nikatii. Kwa miezi mingi niliongoza maombi kwa kinywa kilichozoea kazi, na nikirudi nyumbani sikuweza kuomba neno lolote isipokuwa kusoma Zaburi 88 kwa sauti, jikoni, taa ikiwa imezimwa. Nilidhani imani yangu imekwisha. Siku moja niligundua kitu ambacho nilikuwa nimekisoma mara nyingi bila kukiona: mtu yule anasema mara tatu kwamba anaomba. Fungu la 1, mchana na usiku. Fungu la 9, kila siku. Fungu la 13, asubuhi. Hana hisia nzuri hata moja, hana jibu, na kesho yake alfajiri yuko palepale mlangoni anabisha. Nikajiuliza, kama huku siko kutumaini, basi kutumaini ni nini?

Wengine wanaogopa kwamba tukiwaruhusu watu walalamike tutakuwa kama Israeli jangwani. Ni hofu ya haki. Paulo anaonya juu ya manung'uniko katika 1 Wakorintho 10:10. Lakini soma Hesabu 14 polepole. Wale walinung'unika hemani mwao juu ya Mungu, kisha wakapanga kuchagua kiongozi wawarudishe Misri. Malalamiko yao yaliwapa kisogo. Hemani analalamika uso kwa uso. Na tusisahau sisi tumetoka wapi: asubuhi iliyofuata Oktoba 22, 1844, waliomngojea Bwana hawakujifanya kuwa hawakuumia. Hiram Edson aliandika kwamba walilia hadi kukapambazuka. Ellen White na mumewe walizika wana wawili kati ya wanne, John Herbert aliyekuwa hajafikisha miezi mitatu, Desemba 1860, na Henry wa miaka 16, Desemba 1863.

Basi turudi kwenye zile fulana. Sisi tunaofundisha habari za pambano kuu tunajua kwamba kifo ni adui, wa mwisho kubatilishwa (1 Wakorintho 15:26). Tunajua wafu wamelala. Inakuwaje basi kaburini tumpe Mungu kazi ya adui na kuiita upendo? Bethania, Martha na Mariamu kila mmoja kwa wakati wake walimwambia Yesu jambo lilelile, kwamba angalikuwapo ndugu yao asingalikufa. Lilikuwa kweli, alikuwa amekawia siku mbili kwa makusudi. Hakuwakemea. Hakusema kwamba amempenda Lazaro zaidi ndiyo maana amekufa. Alijua kwamba baada ya dakika chache atamwita atoke, na bado alilia. Paulo naye hakuwakataza Wathesalonike kuhuzunika. Alisema tu wasihuzunike kama wasio na tumaini.

Baada ya wiki sita nilirudi kijijini kwa ukaguzi wa shule, nikapita kwa yule mjane. Mtoto alikuwa nyuma ya nyumba na mbuzi. Nikamwambia kwamba siku ile nilikimbia swali lake. Nikamwambia kwamba Mungu hakumgonga baba yake, wala upendo wa Mungu haugongi watu. Kwamba baba amelala, na Yesu atakuja kumwamsha. Alisikiliza akichora chini kwa kijiti. Kisha akauliza, "Mbona hakulisimamisha lori?"

Nikamwambia, "Sijui, mjukuu wangu. Unataka tumwulize?"

Alifumba macho, akakunja mikono kama wanavyofundishwa darasa la watoto, akasema, "Mungu, mbona hukulisimamisha lori? Amina." Akafumbua macho, akaniangalia kama kwamba anasubiri nimsahihishe. Akaniuliza kama kesho anaruhusiwa kumwuliza tena. Nikamwambia ndiyo.