Mpanda Gari na Haki ya Aendaye kwa Miguu

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Tumeulizwa na baadhi ya ndugu wa darasa, wengine kwa wazi na wengine kwa kuzungusha maneno kama ilivyo ada ya watu wa mji wetu, kama yafaa kwa mwenye kusomesha watu dini kupanda gari ya fahari. Sababu ya suali haifichiki. Kwa miaka tisa twalikuwa na Toyota Corolla, na sasa tumepata Mercedes-Benz ya E-Class ya mwaka 2012, iliyokwisha tumiwa na watu wawili kabla yetu. Suali ni la haki, na mwenye kuliuliza hakukosa adabu. Bwana Mtume (S.A.W.) alipoonekana usiku na watu wawili naye yuko pamoja na mkewe, Bibi Safiyya, aliwaita akawajulisha ni nani aliye naye, ili shetani asipate njia ya kutia dhana mbaya nyoyoni mwao. Ikiwa yeye, naye ni maasumu, alieleza, sisi ni nani hata tuone uzito kueleza? Basi gari hii tumeuziwa na mtu aliyekuwa akihamia Maskati, kwa shilingi milioni 1.8. Laki nane ni thamani ya ile Toyota, na zilizosalia ni akiba ya miaka. Hapana mkopo wa benki ndani yake wala riba. Na muuzaji, Mungu amjazi kheri, alituonyesha aibu za gari yake kabla hatujaziona, hata mahali palipogongwa pakanyoshwa. Yasikitisha kwamba jambo hili limekuwa la kusifiwa. Wako leo wanaorudisha nyuma hesabu ya maili ili gari kuukuu ionekane kijana, na hao hawana tofauti na yule muuza nafaka ambaye Bwana Mtume alitia mkono katika chungu lake akakuta umajimaji chini ya nafaka kavu.

Hayo ya fedha yamekwisha. Lakini fedha ndiyo sehemu iliyo nyepesi katika suali hili.

Watu wengi wasikiapo jina la gari hii hudhani mali nyingi. Gari ya namna hii ikiwa mpya yaweza kupita bei ya nyumba, walakini hushuka upesi kuliko magari ya kawaida. Kule Japani, kunakotoka sehemu kubwa ya magari yetu yaliyokwisha tumiwa, gari mpya hukaguliwa baada ya miaka 3 na kisha kila miaka 2, na ukaguzi huo una gharama zake. Kwa hiyo wengi huona afadhali kuuza. Huteremshwa katika bandari yetu ya Mombasa, nayo sharia ya Kenya hairuhusu kuingizwa gari iliyopita miaka 8. Baada ya hapo huuzwa humu humu kutoka mkono hata mkono, na inapofika mwaka wa kumi au zaidi, jina kubwa na Toyota ndogo iliyo changa zaidi husimama pamoja katika bei moja. Mwenye kuiona barabarani aona utajiri, na mwenye kununua na kuuza aona gari kuukuu inayotaka vipuri vya ghali. Bei imeshuka, haiba haikushuka nayo. Twalikuwa tukienda katika ofisi fulani na ile Corolla, na askari wa mlangoni alikuwa akituuliza jina, shughuli, na nani tunayemtaka. Sasa huinua kizuizi tungali mbali, na mkono wake wafika kichwani. Sisi ni wale wale, na kanzu ni ile ile. Heshima hiyo haikutolewa kwetu, imetolewa kwa nyota ya pembe tatu iliyoko mbele ya gari.

Lugha yetu yenyewe imelishuhudia jambo hili. Jina la Mercedes lilikuwa la binti wa mfanya biashara mmoja, Emil Jellinek, likapewa gari za Daimler mwanzoni mwa karne iliyopita, na asili yake katika lugha ya Kihispania ni rehema na fadhila. Benz ni jina la Karl Benz, na kampuni hizo mbili ziliungana mwaka 1926. Afrika ya Mashariki ilipopata uhuru katika miaka ya 1960, na wakubwa wakaonekana ndani ya magari haya, watu walichukua hilo jina la pili wakalitia "wa" mbele yake: Wabenzi. Tuzingatie nahau ya neno hili. Pwani hii ina Thalatha Taifa na Tisa Taifa, na kila taifa lajulikana kwa mji lilikotoka au kwa nasaba yake. Hawa hawana mji wala babu, wamefanywa kabila kwa gari. Aliyelitunga neno alifanya mzaha, lakini alisema kweli iliyo kubwa kuliko mzaha wake: kwamba chombo chaweza kumtoa mtu katika watu wake, kikamtia katika watu wengine.

Sasa tuje katika hukumu. Kupanda gari ya fahari si haramu, na mwenye kuharimisha sharti alete dalili. Katika Suratun-Nahl Mwenyezi Mungu amewataja farasi na nyumbu na punda kuwa ni wa kupandwa na kuwa ni pambo pia, kisha akaashiria kuwa ataumba tusivyovijua. Na Bwana Mtume alipoulizwa juu ya mtu apendaye nguo yake iwe nzuri na viatu vyake viwe vizuri, hakukiita hicho kibri. Alieleza kuwa kibri ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Mwenye kusema, "Ungalinunua gari ya bei ndogo, ziada ukaitoa sadaka," amesema neno jema, nasi hatulirudishi. Illa hoja hiyo haina mpaka, kwani ukiifuata itakuvua kilemba, ikuondolee tandiko la kitanda, ikuzuie hata kahawa ya jioni. Sharia imeweka mambo ya faradhi, zaka na nafaka ya watu wa nyumbani na madeni, na baada yake imemwachia mtu nafasi. Akiitumia kwa sadaka ni bora, akiitumia kwa raha ya halali bila isirafu hana lawama.

Basi kama ni halali, kimebaki nini? Kimebaki kile alichokiona Sayyidna Umar (R.A.). Wanahistoria wameeleza kwamba alipokwenda Sham aliletewa farasi wa kiajemi, mnene, wa kupendeza. Akampanda, na farasi akaanza kwenda kwa mbwembwe akimtikisatikisa. Umar akashuka, akampiga, akataka kipando chake cha zamani. Hakusema farasi yule ni haramu. Alichokiona ni kuwa nafsi yake inageuka huku yuko juu ya mgongo wake, naye hakungoja igeuke yote.

Katika siku hizi za mwanzo sisi nasi tumekuwa tukiitazama nafsi. Yako mambo madogo ambayo ni ya mwili tu. Katika Toyota kijiti cha kuashiria kona kiko mkono wa kulia, na katika gari hii mkono wa kulia ndipo penye kijiti cha gia, kona huashiriwa kwa kushoto. Ada ya miaka tisa haiondoki kwa nia ya siku moja, na mkono hutaka kwenda ulikozoea. Hili lataka hadhari, hasa kwa mwenye kupakia watu. Viti vyake ni vya raha, mashimo ya barabara huyasikii sana. Lakini lililo kubwa kuliko yote ni kimya. Ukifunga mlango wake mzito, mji wote wakatika. Honi za tuktuk, makelele ya makanga, mwuza kahawa na vikombe vyake, yote yawa mbali, kama yapita mtaa mwingine.

Hapo ndipo tulipoona palipo na suali la kweli. Katika Hadithi sahihi ya Bukhari na Muslim, Bwana Mtume amemwekea aliyepanda kuwa yeye ndiye amwanzie salamu aendaye kwa miguu. Maulamaa wamesema hekima yake ni kuwa aliyepanda yuko juu, na aliye juu huhofiwa kuingiwa na takaburi, basi akapewa jambo la kumrejesha chini. Tazama hekima hii, kisha utazame gari iliyotengenezwa kwa ustadi mkubwa ili sauti ya nje isiingie na ya ndani isitoke. Sharia yamtaka mpanda awe wa kwanza kunena, na kipando chake kimemfanya kama bubu na kiziwi. Wengine hupiga honi wakadhani wamesalimu. Honi si salamu, na aghalabu hiyo honi maana yake ni "nipishe".

Katika kivuko cha Likoni jambo hili laonekana kwa macho. Aendaye kwa miguu hupita bure na mwenye gari hulipa, lakini chombo ni kimoja na bahari ni moja. Ile Corolla ilikuwa imeharibika kipozahewa zamani, tukawa tukivuka vioo viko chini, na kila safari haikosi mtu wa kutuuliza mas-ala au kututaka dua ya mgonjwa. Katika gari hii tulivuka mara ya kwanza vioo vimefungwa, na mamia ya watu wamesimama pande zote katika jua, na kati yetu na wao hakuna hata shubiri moja. Mzee mmoja alisimama karibu na dirisha, tukaiona midomo yake ikitikisika. Tuliteremsha kioo, akarudia salamu yake, tukaijibu. Lakini kabla ya kuteremsha, je, jawabu ilikuwa wajibu juu yetu?

Wanafiqhi wasema kujibu salamu ni wajibu juu ya aliyeisikia. Asiyesikia ana udhuru. Suali ni hili: mtu akinunua kwa mali yake kitu cha kumzuia asisikie, je, udhuru wake wakubaliwa? Twaona mfano wake ni wa mwenye kulala. Alalaye kabla ya wakati wa Sala kuingia, ikampita, hana dhambi. Alalaye baada ya wakati kuingia naye ajua hataamka mpaka utoke, huyo ana dhambi, ijapokuwa wote wawili walikuwa usingizini. Basi afungaye vioo katika njia ya Malindi au ya Nairobi ni kama yule wa kwanza. Hapana anayemsalimu huko, na joto letu lajulikana. Ama afungaye vioo Kibokoni na Makadara, au ndani ya kivuko, mahali ambapo ajua watu wamsalimu na wana haja naye, huyo amelala na wakati umekwisha ingia. Hatusemi gari yake ni haramu. Twasema udhuru wake ni dhaifu. Wallahu aalam.

Yako pia mas-ala ya vioo vyeusi. Kwa viti vya nyuma, wakaapo watu wa nyumbani, vina njia kwa ajili ya sitara, na sharti sheria ya barabara ifuatwe. Kwa mbele hatukuiona njia yake, kwani mpanda humwona aendaye kwa miguu naye asionekane. Gari yetu ilikuja na karatasi nyeusi katika madirisha ya mbele, tukampelekea fundi wa Mwembe Tayari aitoe. Alistaajabu, akatuambia kuwa yeye hulipwa kuitia, na huyu ndiye mtu wa kwanza kumlipa aibandue.