Je, Rangi Hubeba Deni?

Kwa miaka miwili sasa ninajilipia sehemu ya matumizi yangu ya chuoni kwa kutengeneza hereni na shanga za udongo wa polima. Udongo huu hauchimbwi ardhini. Ni plastiki laini inayotokana na PVC. Haikauki kwa hewa, huiva katika oveni kwenye joto la nyuzi 110 hadi 130 za Selsiasi, kutegemea aina yake. Huuzwa katika vipande vya rangi kali ambazo hazifanani na kitu chochote chenye uhai. Kazi ya fundi ni kuzichanganya mpaka zifanane.

Njia yangu ni rahisi. Natafuta picha nzuri ya maumbile, kwa mfano ziwa asubuhi, jani la mgomba lililochanika au mabawa ya ndege. Naifungua kwenye simu na kuikuza mpaka kioo chote kijae rangi moja. Kisha nakata udongo kwa kifuniko cha kalamu ili vipimo viwe sawa, na kuanza kukanda. Ukichanganya nyeupe na nyeusi peke yake unapata kijivu cha saruji, kijivu kilichokufa. Kijivu cha shingo ya ndege kina ubuluu ndani yake. Nilikipata baada ya majaribio tisa: sehemu 12 za nyeupe, sehemu 1 ya buluu, nusu sehemu ya nyeusi, na punje ya kahawia ili ubuluu usipige kelele. Nikaoka kibonge kidogo cha kujaribia, kwa sababu rangi nyingine huongezeka giza zikiiva, kisha nikaandika vipimo katika daftari langu.

Ndege huyo alikuwa korongo mwenye taji, ambaye sisi Wanyarwanda tunamwita umusambi. Picha yake nilitumiwa na rafiki. Shingo ya kijivu, mabawa yenye nyeupe na kahawia, shavu jeupe, mfuko mwekundu chini ya koo, na kichwani lile taji la manyoya magumu ya rangi ya dhahabu. Nilitengeneza jozi 20 za hereni, nikachapisha picha ileile kwenye kadi ndogo, na chini yake nikaandika: Rangi Halisi za Umusambi. Jozi sita ziliondoka katika wiki moja. Bibi arusi mmoja akaagiza jozi 30 kwa ajili ya wasimamizi na jamaa zake. Nilipiga hesabu ya fedha zile kabla sijazishika.

Siku moja nilimpelekea mwalimu wetu jozi aliyokuwa ameomba. Alizishika hereni, akazisifu, kisha akaiangalia kadi kwa muda mrefu kuliko hereni.

“Huyu ndege amesimama wapi?” akaniuliza.

“Sijui, Mwalimu. Kwenye majani.”

“Majani gani hayo yaliyokatwa yakalingana hivyo? Na hebu tazama ncha za bawa lake.”

Nilitazama. Nyuma ya ndege kulikuwa na ukingo wa ukuta. Manyoya ya bawa moja yaliishia kwa mstari ulionyooka, kama nywele zilizopitiwa na mkasi. Sikuwa nimeuona mstari huo hata mara moja, ingawa nilikuwa nimeitazama picha hiyo kwa saa nyingi kuliko mtu mwingine yeyote. Umusambi wangu alikuwa mfungwa katika bustani ya mtu, na bawa lake lilikatwa ili asiruke.

Hapo ndipo lilipozaliwa swali la insha hii: je, rangi iliyochukuliwa kwenye picha ya dhuluma inabeba deni la dhuluma hiyo? Au rangi ni rangi tu?

Jibu la kwanza lililonijia lilikuwa la kujitetea, nami nitalitendea haki kwa sababu lina hoja. Rangi haimo ndani ya ndege. Isaac Newton, katika kitabu chake cha 1704 kuhusu mwanga, alieleza kwamba miali yenyewe haina rangi. Ina uwezo tu wa kuamsha ndani yetu hisia ya rangi. John Locke naye aliiweka rangi miongoni mwa sifa zinazotegemea hisi zetu, tofauti na umbo au ukubwa ambao kitu kinao hata kama hakuna anayekitazama. Ongeza kamera juu ya hapo. Ndani ya kamera ya simu vijisehemu vidogo hupima nyekundu, kijani na buluu tu, kisha programu hukisia mengine. Kioo cha simu nacho hakina kijivu hata chembe. Kina nukta za mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu zinazolidanganya jicho. Halafu mimi naugeuza mwanga huo kuwa plastiki, ambayo haitoi mwanga wake bali huurudisha ule unaoiangukia. Plato alilalamika kwamba mchoraji wa kitanda yuko daraja la tatu kutoka kwenye ukweli. Mimi huenda niko daraja la tano. Kwa hiyo, nilijiambia, sikuchukua chochote kutoka kwa ndege yule. Hakupungukiwa na unyoya hata mmoja kwa sababu ya hereni zangu.

Hoja hii ina nguvu, lakini inathibitisha kupita kiasi. Kama kijivu kile hakina uhusiano wowote na umusambi, kwa nini niliandika jina lake kwenye kadi? Wateja wangu hawakununua sehemu 12 za nyeupe na sehemu 1 ya buluu. Walinunua jina. Siwezi kuuza uhusiano siku ya soko na kuukana siku ya hesabu.

Kiswahili chenyewe kilinisaidia kuliona jambo hili. Rangi ambazo lugha hii inazitaja kwa vivumishi vyake vya asili ni tatu: -eupe, -eusi na -ekundu. Karibu nyingine zote ni vidole vinavyoelekeza kwenye vitu. Kijani kimetoka kwenye jani, kijivu kwenye jivu, kahawia kwenye kahawa. Manjano ni kile kiungo cha jikoni, zambarau na chungwa ni matunda, samawati inatupeleka mbinguni. Tunasema rangi ya ugoro, rangi ya maji ya kunde, damu ya mzee. Mswahili akisikia rangi asiyoijua huuliza, “Rangi ya nini?” Nadhani swali hilo ni la maadili pia, ingawa tunaliuliza kwa mazoea. Anayetaja rangi kwa jina la kitu anakielekezea kidole kitu hicho, na anayeelekeza kidole mbele ya watu anatoa ushahidi. Mimi nilishuhudia kwamba rangi zile ni “halisi”, ilhali sikuwa nimemwona shahidi wangu mwenyewe.

Jibu la pili lilikuja kwa hasira: nitupe vyote. Jozi 13 zilizobaki, vibonge vya majaribio, kadi, hata ule ukurasa wa daftari. Shangazi yangu, ambaye ninaishi kwake na kutumia oveni yake, alinikuta nikizikusanya.

“Mwanangu, ukizitupa, yule ndege ataota manyoya?”

Sikuwa na jibu. Akaendelea, “Na utazitupa wapi? Nchi hii ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2008, na wewe unataka kuongeza takataka ya plastiki ili moyo wako utulie. Ukizichoma ndiyo mbaya zaidi, moshi wake ni sumu.”

Shangazi hakusoma falsafa, lakini alikuwa ameshika kiini cha jambo. Kutupa kungeninufaisha mimi peke yangu. Kungenirudishia picha ya mtu safi, na kumwacha ndege palepale alipokuwa. Deni halilipwi kwa kuchana karatasi iliyoandikwa deni.

Nilijaribu pia kujilinganisha na wasanii wa imigongo, sanaa ya mashariki ya nchi yetu ambayo simulizi zinaihusisha na Kakira, mwana wa mfalme Kimenyi wa Gisaka. Wao huumba michoro kwa samadi ya ng'ombe na majivu, na kwa desturi rangi zao hutoka kwenye udongo mweupe, udongo mwekundu na majivu ya mimea. Ni rahisi kusema: rangi zao ni safi kwa kuwa ni za asili, zangu ni chafu kwa kuwa ni za kiwandani. Siamini hivyo. Shimo la udongo nalo linaweza kuwa limechimbwa katika shamba la mjane bila idhini yake. Tofauti ninayoiona ni nyingine. Mama anayechimba udongo wake mwenyewe anajua ulikotoka, akiulizwa “rangi ya nini?” anaweza kukuonyesha kilima. Kati yangu na umusambi kulikuwa na mnyororo wa watu waliotumiana picha, na hakuna hata mmoja, nami nikiwemo, aliyeuliza.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Rangi yenyewe haina hatia. Kijivu kile kingekuwa kilekile hata kama ningekipata kwenye wingu. Lakini nikiipa rangi jina la kiumbe na kuitoa mbele ya watu, ninachukua wajibu wa kujua ninachokishuhudia, na ninapogundua kwamba ushahidi wangu ulikuwa na kasoro, wajibu wa kuusahihisha palepale nilipoutoa.

Mwanafunzi mwenzangu mmoja alinipinga vikali. Je, mtu mwenye simu ya bei nafuu na kipande cha udongo afanye upelelezi wa kila picha? Hatutatengeneza kitu tena! Nakubali kwamba hakuna anayeweza kujua yote. Lakini kosa langu halikuwa kushindwa kujua kilichofichwa. Ukuta ulikuwa kwenye picha. Manyoya yaliyokatwa yalikuwa kwenye picha. Nilikuza picha mpaka ndege akatoweka, nikabaki na kijivu. Njia yangu ya kazi ilikuwa ndiyo njia ya kutomwona. Wahenga walituonya kuhusu uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mimi sikuhitaji hata kufungua mkakasi, nilihitaji kurudi nyuma hatua moja.

Mwingine alisema kwamba hakuna aliyedhurika kwa kadi yangu. Sina hakika. Umusambi ni miongoni mwa ndege walio hatarini kutoweka duniani, na moja ya sababu za kupungua kwao hapa kwetu ni kwamba watu waliwakamata kuwa mapambo ya bustani na hoteli, kwa sababu ya uzuri uleule niliokuwa nikiuuza. Kadi iliyomwonyesha korongo kwenye majani yaliyokatwa vizuri, na kuita hali hiyo “halisi”, ilikuwa tangazo dogo la bustani ile.

Nilikwenda Umusambi Village, hapa Kigali, ambako korongo waliookolewa kutoka kwenye majumba na ambao hawawezi tena kuruka wanatunzwa katika eneo lenye majimaji na nyasi ndefu. Nilikaa asubuhi nzima. Niliona kwamba kijivu changu kilikuwa na ubuluu mwingi mno. Chini ya mawingu shingo ile inakaribia rangi ya jivu la kuni. Niliona pia jambo ambalo picha haikuweza kulionyesha. Korongo mmoja alikimbia, akakunjua mabawa yake kama anayetaka kupaa, kisha akasimama. Akayakunja.

Nilimpigia simu bibi arusi, nikamweleza ukweli wote. Alinyamaza, kisha akasema kwa upole kwamba hereni za harusi ni za furaha, na kwamba hataki wageni wake wavae hadithi hiyo. Akafuta agizo lake lote. Simlaumu. Ninataja hili kwa sababu insha nyingi za maadili humlipa msema kweli kabla ya ukurasa wa mwisho. Mimi nilipoteza fedha za muhula, na shangazi akanikopesha nauli.

Wale sita wa kwanza niliwatafuta, wanne niliwapata. Mmoja alirudisha hereni zake nikamrudishia fedha, watatu wakabaki nazo. Jozi zilizobaki nimeziwekea kadi mpya isiyo na picha. Imeandikwa: Rangi hizi zilichanganywa kwa kuangalia picha ya umusambi aliyekatwa bawa. Katika miezi miwili zimenunuliwa jozi tatu. Mnunuzi mmoja alisoma kadi mara mbili, akauliza kama ndege huyo yu hai. Nilimwambia sijui. Rafiki aliyenitumia picha naye alitumiwa, na mnyororo ule nimeufuata mpaka mtu wa nne, ambaye hajibu simu zangu. Bado nampigia.

Sijaacha kazi yangu, wala sijaacha kutumia picha. Nimebadilisha daftari. Zamani kila ukurasa ulikuwa na safu mbili, jina la rangi na vipimo vyake. Sasa nimechora safu ya tatu, nikaiandika juu yake: Ya nini? Kurasa nyingi za zamani bado hazina jibu katika safu hiyo, nami nazirudia moja moja.