Mawe ya Figo na Dhima ya Kiu

Mtu akipatwa na mawe ya figo, cha kwanza kuhukumiwa huwa ni tumbo lake. Huambiwa kuwa alikula ovyo, basi na avumilie. Je, hukumu hiyo ni ya haki? Tuipime huko Geita na Shinyanga, ambako maelfu ya watu huishi kwa kuchimba dhahabu.

Jiwe la figo halizaliwi kwa usiku mmoja. Mkojo hubeba kalsiamu, oksaleti na chumvi nyingine zilizoyeyuka; maji yakipungua, hizo hugandana chembe juu ya chembe. Mchimbaji wa Nyarugusu au Mgusu hushinda akitoka jasho ndani ya duara, na jioni hula ugali kwa dagaa waliokolezwa chumvi. Jasho limekwisha kuchukua maji yake, nayo chumvi huzidisha kalsiamu katika mkojo. Nyama nyingi ya kila siku huongeza asidi.

Wako wanaosikia neno kalsiamu wakayakimbia maziwa. Hapo wamekosea. Huko Parma, Italia, madaktari waliwafuata kwa miaka 5 wanaume 120 waliokuwa wakisumbuliwa na mawe hayo, na mwaka 2002 matokeo yakachapishwa: waliopata kalsiamu ya kawaida huku wakipunguza chumvi na nyama walirudiwa na maradhi kwa karibu nusu tu ya wale waliopunguziwa kalsiamu. Sababu ni kwamba kalsiamu ya chakula huishika oksaleti tumboni, isipate kufika kwenye figo. Mchicha una oksaleti nyingi. Basi Msukuma anayeula pamoja na maziwa yake ya mgando hana la kuogopa katika maziwa hayo.

Lakini kubwa kuliko yote ni maji. Yatakiwa mtu anywe kiasi cha kumfanya akojoe zaidi ya lita 2 kwa siku, na mwenye kutoka jasho huhitaji kunywa zaidi sana. Hapa ndipo swali letu linapokuwa zito. Anayejua madhara ya chumvi na bado akaizidisha kwa ulafi, lawama ni yake. Je, yule ambaye maji safi ni ya kununua, na ujira wake ni mgao wa mawe ambayo bado hayajapatikana? Huvumilia kiu ili senti zibaki za kupeleka nyumbani. Kumwita huyo mlafi ni kumdhulumu. Mwenye duara hugharimia pampu ya kuvuta maji ya chini, na gharama hiyo huhesabiwa kabla ya mgao. Maji yavutwayo huko hayafai kunywewa. Kwa nini basi ndoo ya maji safi isiingie katika hesabu hiyo hiyo?

Na aliyekwisha kupata maumivu ya ubavu yanayoshuka kinenani, tena ana homa au mkojo umekatika, asilale kambini akimeza vidonge vya kutuliza maumivu. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.