Mali ya Mtu Aliyepotea ni Amana, si Urithi

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu Waislamu, sisi watu wa pwani ni watu wa bahari na safari. Mtu huaga nyumbani kwake akaenda kutafuta riziki katika nchi za Ghuba, au akapanda chombo kwenda kuvua, khabari zake zikaja siku chache kisha zikakatika. Hajulikani yu hai au amekufa. Huyu ndiye aitwaye katika vitabu vya fiqhi mafqud, maana yake aliyepotea.

Na tazameni yanayotendeka. Mwaka wa kwanza jamaa hulia na kuuliza kila atokaye safari. Mwaka wa pili humsomea Yasini. Mwaka wa tatu mmoja huangua nazi za shamba lake, wa pili hupokea kodi ya nyumba yake, na wa tatu, ajuaye namba ya siri ya simu yake, hutoa fedha zilizomo. Wakiulizwa, hujibu, "Sisi ndio warithi." Warithi wa nani? Urithi hauwi ila kwa mauti, na mauti haya ni nani aliyeyathibitisha?

Asili ya mas-ala haya ni kanuni wanayoijua hata wanafunzi wadogo wa chuoni, kwamba yakini haiondolewi na shaka. Mtu huyu alipoondoka alikuwa hai, na hiyo ndiyo yakini. Kufa kwake ni shaka. Basi mali yake ni milki yake vile vile kama kwamba amekaa barazani kwake, na mwenye kuigawanya amegawanya mali ya mtu aliye hai bila ya idhini yake. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratun Nisaa, aya ya 58, tuzirudishe amana kwa wenyewe. Mwenyewe kutoonekana hakuigeuzi amana kuwa halali.

Imamu Nawawi katika Minhaj ameeleza kwamba mali ya aliyepotea, khabari zake zikakatika, huachwa mpaka lipatikane moja katika mawili. La kwanza ni ushahidi wa kufa kwake. La pili ni kupita muda ambao kwa dhana iliyo kubwa mtu kama yeye haishi zaidi ya huo. Hapo kadhi hujitahidi, akahukumu kwamba amekufa. Na muda huo, kwa kauli iliyo sahihi, hauna hesabu maalumu, wala hauhesabiwi tangu siku ya kupotea, bali tangu kuzaliwa kwake. Aliyepotea naye ana umri wa miaka 25 hafi kwa sababu jamaa zake wamengoja miaka 10 wakachoka.

Mara nyingi husemwa barazani kwamba sharia ni miaka minne. Hayo ni kuchanganya. Miaka minne ni katika khabari ya mke, nayo ni kauli ya Imamu Malik na kauli ya kale ya Imamu Shafi. Kauli mpya ya Imamu wetu ni kuwa mke naye hungoja mpaka ijulikane yakini. Khabari ya mke ni ndefu, na hapa tunasema juu ya mali. Wengine husema miaka saba. Hii imetoka katika sheria ya ushahidi ya Kenya, isemayo kwamba mtu asiyesikiwa kwa miaka 7 na wale ambao wangemsikia lau angekuwa hai, hudhaniwa amekufa mpaka ithibiti kinyume chake. Angalieni, hata sheria hiyo haikumwambia ndugu aingie shamba la nduguye siku ya kutimia mwaka wa saba. Nayo yataka mambo yathibitishwe mbele ya hakimu.

Ama ushahidi wa mauti, si lazima maiti ionekane. Usiku wa tarehe 10 Septemba 2011 ilizama meli ya Spice Islander baina ya Unguja na Pemba, na wengi waliokuwamo hawakupatikana, hai wala maiti. Katika madhehebu yetu mauti huthibiti hata kwa khabari iliyoenea, iliyosikiwa kwa watu wengi wasioweza kuafikiana juu ya uwongo. Basi mwenye mtu wake katika msiba kama huo na akusanye mashahidi mapema: waliomwona akipanda, waliosafiri naye wakaokoka. Awapeleke kwa kadhi wakiwa wangali hai na kumbukumbu zao nzima.

Hapa pana kosa la pili, nami naliona halipungui ubaya na lile la kwanza. Wako wacha Mungu ambao kwa kuogopa haramu huiacha mali ikaharibika. Nyumba huanguka paa, shamba huota magugu, na watoto wa mwenye mali hulala na njaa. Huu si ucha Mungu. Kadhi ndiye mwangalizi wa mali za walio ghaibu. Huweka mtu mwaminifu, nyumba ikapangishwa na kutengenezwa, kinachooza kikauzwa na thamani yake ikahifadhiwa. Mkewe na wanawe wadogo, na wazazi wake wakiwa mafakiri, hulishwa katika mali hiyo, kwa kuwa nafaka yao ni wajibu juu yake. Mwenye kumdai hulipwa akileta ushahidi na akala yamini kwamba deni lingaliko. Na kama mwenyewe aliacha wakili, wakili huyo hubaki na kazi yake, maana uwakili huvunjwa na mauti, hauvunjwi na kughibu. Yatima watu humhurumia. Lakini mtoto wa mafqud, ambaye babake hakufanyiwa hitima wala mamake hakukaa eda, hana amkumbukaye.

Na akifa mtu ambaye mafqud ni mrithi wake? Fungu lake huzuiwa, na waliopo hupewa lile lililo dogo kwao katika hali mbili, ya uhai wake na ya kufa kwake. Mfano: amekufa mtu asiye na mke, mtoto wala baba, ameacha mama na ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja, mmoja wao amepotea. Mali ni shilingi 120,000. Aliyepotea akiwa hai, mama ana sudusi, 20,000, kwa kuwa ndugu ni wawili, na kila ndugu ana 50,000. Akiwa alikufa kabla ya nduguye, mama ana thuluthi, 40,000, na ndugu aliyepo ana 80,000. Basi sasa mama apewe 20,000, ndugu 50,000, na 50,000 zizuiwe. Akirudi, ni zake zote. Ikithibiti kwamba alitangulia kufa, mama huongezwa 20,000 na ndugu 30,000. Kwa hivyo ndugu anayezikamata zile 50,000 akisema "hizi ni za ndugu yangu, nitamwekea mimi," huenda ndani yake amekamata haki ya mamake mzazi.

Tena jueni kwamba kadhi akihukumu kufa kwake kwa kupita muda, humrithi wale walio hai wakati wa hukumu tu. Mwana aliyekufa mwezi mmoja kabla yake hana kitu, wala watoto wake hawapokei kwa njia yake. Kwa ajili hii wenye kugawanya kabla ya hukumu huwapa wasiokuwa warithi na kuwanyima walio warithi, nao hawajui.

Na lau atarudi baada ya hukumu, akasimama mlangoni kwake na mvi zake, hukumu ile imebatilika. Mali iliyobaki huichukua, na iliyoliwa ni deni juu ya walioila.

Wallahu aalam.