Mlingoti Kwanza, Redio Baadaye

Redio ya bei kali iliyowekwa chini ya bati inaweza kushindwa na redio ya kawaida iliyounganishwa na waya uliotundikwa juu ya mti. Mawimbi ya FM, yale ya megahezi 87.5 hadi 108, husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, na nchi ya miamba kama Singida huyakatiza njiani. Kwa hiyo aliyeko Unyambwa, huko huko Singida, anayetamani kuvuta stesheni za mbali, asikimbilie dukani: achukue nyaya mbili za shaba, kila mmoja sentimita 75, azinyooshe kushoto na kulia juu ya mlingoti unaopita paa, kisha ateremshe waya wa antena hadi kwenye redio. Ni kazi ya jioni moja, na napenda kila nyumba iijaribu. Kifaa cha kifahari kina faida yake pale stesheni mbili zinapokaribiana na yenye nguvu ikaimeza dhaifu. Hapo uwezo wake wa kuchuja ndio unaolipiwa. Lakini hakichuji wimbi ambalo halijakifikia, wala hakisafishi sauti iliyotoka studio ikiwa tayari imekwaruza.