Yunia: Jina, Sarufi na Utume

Katika Waraka kwa Warumi 16:7, Mtume Paulo anawasalimu Androniko na Yunia, jamaa zake waliofungwa pamoja naye, na kuwataja kwa sifa kuhusiana na mitume. Kama Yunia alikuwa mwanamke au mwanamume ni swali lililozuka kutokana na sarufi ya Kigiriki, ambamo jina la mtu hubadili mwisho wake kulingana na kazi yake katika sentensi. Kwa kuwa hapa jina ni shamirisho, yaani linamtaja anayesalimiwa, limeandikwa Iounian. Na mwisho huo wa -an huchukuliwa na jina la kike Iounia, na vilevile ungechukuliwa na jina la kiume Iounias.

Kinachoweza kuyatenganisha ni alama ya mkazo juu ya irabu, lakini miswada ya kale zaidi, iliyoandikwa kwa herufi kubwa, haikuwa na alama hizo. Umbo la neno basi halitoshi kutoa hukumu, na msomaji hulazimika kuuliza watu wa zama zile waliitwaje. Yunia, jina la Kilatini la wanawake wa ukoo wa Junius, limepatikana zaidi ya mara 250 katika maandishi ya kale ya Roma, ilhali Iounias, linalodhaniwa kuwa kifupisho cha Junianus, halijathibitishwa popote. Yohane Krisostomo, mhubiri wa karne ya 4 aliyehubiri kwa Kigiriki, alimsifu Yunia kuwa mwanamke aliyestahili kuitwa mtume.

Hata hivyo, toleo la Nestle la Agano Jipya la Kigiriki la mwaka 1927 lilichapisha mkazo wa kiume, nao ukadumu katika matoleo yake hadi 1998. Wapo wanaosoma kwamba Yunia alijulikana tu kwa mitume bila kuwa mmoja wao, na hoja hiyo inastahili kujadiliwa. Lakini kumgeuza mwanamume kwa sababu tu mwanamke hadhaniwi kuwa mtume ni kulifanya hitimisho kuwa ushahidi. Nimfa wa Wakolosai 4:15 alipatwa na jambo kama hilo, kwa kuwa miswada hutofautiana juu ya kiwakilishi kinachomtaja kama mwenye nyumba ambamo kanisa lilikutana, tofauti ambayo Kiswahili, kisichobainisha jinsia katika “yake”, hakiwezi kuionyesha. Anayeyaheshimu Maandiko hana budi kuwaachia waliotajwa humo majina yao, hata yanapopinga mazoea yake.