Bei ya Gitaa na Haki ya Mjane

Mzee mmoja, mkazi wa Kariakoo na Mkatoliki mwenzetu, ametuletea barua ya kurasa nne. Katika ujana wake alikuwa fundi wa mitambo melini. Alizunguka bandari nyingi, na kila alipopata mshahara, badala ya kuuacha vilabuni, aliutumia kununulia magitaa. Hayakuwa magitaa ya kiwandani yanayofanana kama matofali, bali magitaa ya umeme yaliyoundwa kwa mkono wa fundi mmoja, toka ubao wa kwanza hata uzi wa mwisho. Anayo matano. Leo vidole vyake vimekakamaa, mkewe anahitaji matibabu ya gharama kubwa, naye ameazimia kuyauza. Anatuuliza: yampasa kudai bei gani, na amwuzie nani? Kisha, chini kabisa ya ukurasa wa nne, kwa wino wa rangi nyingine, ameongeza jambo ambalo twadhani ndilo lililomfanya aandike.

Tumemwomba ruhusa tumjibu hapa bila kumtaja jina, naye amekubali.

Kwanza yafaa wasomaji wafahamu kitu chenyewe. Fundi wa gitaa la namna hiyo huchagua mbao zilizokauka miaka mingi, huchonga shingo kwa randa na tupa, na chini ya nyuzi huweka sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mara. Hizo ndizo zinazonasa mtetemo wa nyuzi na kuugeuza umeme. Kazi hiyo huchukua majuma, pengine miezi. Kwa hiyo mtu akisikia kwamba gitaa moja lauzwa kwa bei ya gari, asiseme mara moja kwamba huo ni wizi. Mojawapo ya magitaa ya Mzee lina ubao wa shingoni uliotengenezwa kwa mpingo, mti wetu wa Kilwa na Lindi, ambao ulitoka huku gogo ukarudi muziki. Ni fedha kiasi gani iliyobaki kijijini ulikokatwa? Swali hilo tunaliweka kwa siku nyingine. Tunamkumbusha tu kwamba akimwuzia mtu wa nje, sheria za biashara ya miti adimu zitamhusu. Mwaka 2017 jamii yote ya mpingo iliwekwa chini ya uangalizi wa kimataifa. Mwishoni mwa 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika vikalegezewa masharti. Lakini ule mti wa Brazil wa jamii hiyohiyo, ambao biashara yake ilikatazwa mwaka 1992, ungali unadai vibali. Asimfiche mnunuzi mbao zilizotumika.

Yafaa pia wafahamu jinsi gitaa la mtu mwenyewe lilivyokuwa kitu adimu kati ya wanamuziki wa Dar es Salaam. Mji huu ulikuwa na dansi tangu zamani: Dar es Salaam Jazz ilianzishwa mwaka 1932, NUTA Jazz ikaundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, Mlimani Park ikaanza mwaka 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi, na mwaka 1983 ikachukuliwa na shirika la maendeleo la mji, yaani DDC, ambalo ukumbi wake wa Kariakoo wazee wetu wengi wanaukumbuka kwa furaha, na wengine kwa toba. Katika bendi za namna hiyo vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Mpiga gitaa alipokea mshahara wake, akafurahisha watu mpaka usiku wa manane, na siku alipohama aliondoka na vidole vyake tu. Ndiyo maana mwenye vyombo aliweza kuwaita watu. Mwaka 1985 wanamuziki kadhaa wenye sifa waliiacha Mlimani Park wakaenda Orchestra Safari Sound, bendi ya mfanyabiashara, na mji mzima ukazungumza habari hiyo. Tena katika miaka hiyo fedha za kigeni zilikuwa haba, na kupata hata nyuzi mpya kulikuwa taabu.

Sasa tuje kwenye bei. Mzee anao wanunuzi wawili. Mmoja ni mgeni, mkusanyaji kama yeye, ambaye atalipa bei ya Ulaya bila kusita, na gitaa litatundikwa ukutani. Mwingine ni kijana wa hapo hapo Kariakoo, mpiga gitaa hodari, ambaye amelipenda moja hata yuko tayari kukopa kwa riba. Rafiki za Mzee wamemshauri hivi: huyo kijana amekwisha kunasa, mpandishie.

Mt. Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, hakupata kuona gitaa la umeme, lakini wauzaji aliwaona. Anafundisha kwamba mwenye kitu akipata hasara ya pekee kwa kuachana nacho, anaweza kuihesabu hasara hiyo katika bei, maana ni yake. Lakini ikiwa faida kubwa ya mnunuzi yatoka katika uhitaji wa mnunuzi mwenyewe, na muuzaji hapungukiwi neno, hapo haifai kupandisha. Kwa kuwa atakuwa anauza kitu kisicho chake. Twaomba maneno hayo yapimwe polepole. Miaka ambayo Mzee ameyatunza magitaa yale yasiliwe na joto na chumvi ya pwani, uchungu wa kuyaaga, pesa alizotoa melini: hivyo vyote ni vyake, na avitie katika bei bila haya. Kiu ya kijana ni ya kijana. Hatumlazimishi Mzee amwuzie kijana kwa hasara, wala hatumkatazi mgeni. Mkewe ni mgonjwa, na hospitali haipokei sifa njema. Amwuzie mgeni mawili au matatu kwa bei ya huko kwao. Ila kijana naye atajiwe bei ileile ambayo angetajiwa mtu asiye na hamu. Na Mzee akiweza kupokea kidogo kidogo mwezi kwa mwezi, atakuwa amemwokoa na mkopeshaji.

Kuhusu gitaa lililovunjika shingo na kuunganishwa kwa ustadi hata jicho lisione, jibu ni fupi: aseme. Kizuri chajiuza, lakini kilichoungwa gundi hakiwezi kueleza habari zake chenyewe.

Sasa ule wino wa rangi nyingine. Magitaa manne Mzee aliyanunua kwa mafundi wenyewe. La tano alilinunua mwaka 1988 kwa mama mmoja wa jirani, Mwislamu, ambaye alikuwa ametoka eda siku chache tu. Marehemu mumewe alikuwa mpiga gitaa wa bendi, na gitaa lile, kinyume cha desturi, lilikuwa lake mwenyewe. Aliletewa na ndugu yake aliyesoma Ulaya. Mama huyo hakujua kitu. Alitaja bei ambayo kwayo ungepata magunia mawili ya mchele. Mzee aliona alama ya fundi ndani ya tundu, akajua mara moja kwamba ameshika kitu chenye thamani mara nyingi zaidi. Akalipa bila kupunguza hata senti, na mama akamshukuru, akamwombea dua. "Dua hiyo," anaandika, "ndiyo inayonisumbua."

Wako watakaosema: mama alitaja bei mwenyewe, naye akalipwa, biashara ni mapatano. Neno hili lasikika katika kila duka kuanzia Mtaa wa Msimbazi hadi Mtaa wa Congo, na lina nguvu yake. Lakini Papa Leo wa 13, alipoandika mwaka 1891 juu ya mishahara ya wafanyakazi, alionya kwamba iko haki ya maumbile iliyotangulia mapatano yoyote, na kwamba mtu aliyekubali kwa kubanwa na shida hakukubali kwa uhuru kamili. Mjane aliyetoka eda, mwenye watoto na deni la dukani, alikuwa huru kiasi gani?

Wengine watatoa hoja yenye uzito zaidi, na sisi wenyewe ilitusumbua. Ujuzi ni kazi. Mzee alijifunza kuzitambua alama za mafundi kwa miaka mingi na kwa fedha yake. Je, ujuzi huo hauna faida yake? Mchuuzi wa Kariakoo huishi kwa kujua asichojua mwenzake: wapi kitenge ni rahisi, lini vitunguu vitaadimika. Tukikataza hilo, tumefunga soko. Ni kweli, na Mt. Tomaso naye hakubali kwamba bei ya haki ni nukta moja isiyosogea. Tofauti ndogo haivunji haki. Lakini yeye huyo anasema wazi kwamba mtu akinunua dhahabu kwa muuzaji anayedhani ni shaba, naye mnunuzi ajua, amenunua kwa udhalimu na anawajibika kurudisha. Ujuzi wa Mzee ulistahili ujira, kama ujira wa dalali. Haukustahili gitaa karibu lote.

Naye Mt. Augustino anasimulia habari ya mtu aliyemjua, ambaye aliletewa kitabu kwa bei duni na muuzaji asiyejua thamani yake. Akampa muuzaji yule, bila kuombwa, bei iliyo sawa, iliyokuwa kubwa zaidi sana. Hakuna aliyemwona wala aliyemdai. Tunapenda kufikiri juu ya uso wa yule muuzaji.

Basi Mzee arudishe nini? Si bei yote ya leo. Magitaa ya zamani yamepanda sana tangu 1988 kwa sababu ambazo mwaka ule yeye hakuzijua, na yeye ndiye aliyelitunza. Arudishe tofauti kati ya kile alicholipa na kile ambacho mtu mwaminifu mwenye ujuzi angelipa hapa Dar es Salaam wakati ule. Lakini asihesabu kwa shilingi za wakati ule! Siku hizo shilingi mia mbili ilikuwa noti. Sasa ni sarafu ya kununulia pipi. Kurudisha tarakimu ileile kungekuwa kumnunua mama mara ya pili kwa bei ya mchele. Ahesabu kwa vitu: magunia mangapi, ada za shule miaka mingapi.

Limebaki jambo moja ambalo Mzee hakutuuliza. Anaandika kwamba katika kulitangaza gitaa la tano atataja jina la marehemu na bendi yake, kwa sababu wakusanyaji hulipia historia. Hilo ni kweli kabisa. Mwezi Juni 2019, huko New York, mpiga gitaa Mwingereza David Gilmour aliuza magitaa yake zaidi ya 120 kwa mnada, yakaleta zaidi ya dola milioni 21, fedha aliyoitoa kwa shirika linalopigania hali ya hewa. Gitaa jeusi moja, ambalo lilitoka kiwandani na alilinunua dukani mwaka 1970, lilifika karibu dola milioni nne. Ubao wake si wa ajabu, wala sumaku zake. Watu walilipia mkono uliolipiga na nyimbo zilizotoka humo. Gilmour aliuza sifa yake mwenyewe, na alikuwa na haki ya kuiuza au kuitoa bure.

Mzee wetu atauza sifa ya nani? Kwa miaka zaidi ya thelathini marehemu amekuwa kimya kaburini, na watoto wake hawakurithi chombo wala hati yoyote ya nyimbo alizopiga, kama ilivyowapata wanamuziki wengi wa mji huu. Jina ndilo lililobaki. Sheria ya nchi huenda isimdai Mzee kitu kwa kulitamka jina hilo mbele ya mnunuzi. Sisi twaona kwamba kila shilingi itakayoongezeka kwa ajili ya jina, sehemu yake njema ni ya nyumba ile. Akitaka aliuze gitaa kama mbao na nyaya, bila kumtaja marehemu, na alipe tofauti ya zamani tu. Akimtaja, agawane nao.

Anaogopa kwamba vijana wa mama huyo watamwita mwizi. Kwa deni la zamani aweza kupitia mtu wa kati, padre wake au shehe wa mtaa, na jina lake lisijulikane. Kanisa limeiruhusu njia hiyo siku zote. Lakini habari ya jina haiwezi kufanyika kwa siri, maana itabidi aombe ruhusa. Itambidi abishe hodi.

Mama huyo angali hai. Mzee anatuambia kwamba hukutana naye njiani, husalimiana, na mama humwulizia hali ya mkewe. Gitaa la tano lisifunguliwe mbele ya mgeni wala ya kijana mpaka mama huyo ameletewa sanduku lake, ameliona tena, na ameambiwa lilikuwa kitu gani.